Bakisha Mmoja

Kinu kile cha unga hakikuwahi kusaga hata punje. Kilikuwa ndani ya gemu ya vita, kwenye ramani ya mji uliopigwa mabomu katika vita vya zamani vya watu wengine, na kazi yake ilikuwa moja: kuzingirwa na maiti. Askari waliokufa walifufuka matopeni, kofia za chuma zikiwa bado vichwani, wakaja wakiyumba kama walevi waliofukuzwa kilabuni, wakang'oa mbao za madirisha na kuingia. Ukiwamaliza, king'ora kinalia, wanakuja wengine, wengi zaidi na wenye mbio zaidi. Humo hakuna kushinda. Kuna kuchelewa kufa tu.

Na humo ndimo ilimokuwa ndoa ya Mvuke.

Jina la Mvuke alipewa na wenzake kwenye kiwanda cha udobi, alikopiga pasi mashuka ya hoteli na makoti ya hospitali katika chumba ambacho hata dari ilitoka jasho. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, aliitwa Cheche. "Moto mnao, mvuke mnao," wanawake wa chumba cha pasi walimtania, "bado sufuria tu nyumba iive." Mvuke alicheka nao. Moyoni alijua kwamba moto wenyewe uko ng'ambo ya bahari, kwenye bandari ya watu, unachomelea matumbo ya meli, na sufuria imekaa siku nyingi bila kuchemka.

Cheche aliondoka binti yao, Kidoti, akiwa bado ananyonya. Sasa Kidoti alikuwa anavaa viatu mwenyewe, ingawa cha kushoto alikivaa kulia na cha kulia kushoto, na ukimwambia anakujibu kwamba viatu ni vyake.

Mtu atauliza, kwa nini wasipigiane simu kama wanandoa wengine? Walijaribu. Kwenye simu Cheche alikuwa bubu. "Hujambo?" "Sijambo." "Mtoto?" "Mzima." "Haya." Halafu kimya, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake kama daktari. Lakini mpe Cheche kitu cha kushika, ulimi unafunguka. Hata uchumba wao ulianzia kwenye chumba cha kukodi gemu, wamekaa benchi moja, vishikio vya gemu mikononi, macho kwenye kioo cha televisheni. Mle alimwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Alipokuwa anaondoka alinunua mashine mbili za gemu zilizotumika, moja akaiacha chini ya televisheni, nyingine akaifunga katikati ya nguo zake. "Jumamosi mchana," alisema. "Kinuni."

Na kinuni kulikuwa na desturi. Kila raundi ikikaribia kwisha, wachezaji huambiana: bakisha mmoja. Usimmalize zombi wa mwisho. Mrushie bomu la mkono miguuni, akatike magoti, abaki anatambaa. Maadamu yule mmoja anatambaa, raundi haijaisha, king'ora hakilii, wengine hawaji. Ndipo watu hupata nafasi ya kupigilia mbao upya, kuokota risasi, hata kwenda msalani. "Huyo mmoja ndiye pumzi yetu, mke wangu," Cheche alimfundisha zamani, na tangu hapo Mvuke akawa bingwa wa kubakisha. Alijua pembe ya kurusha bomu jinsi alivyojua joto la pasi kwa kutemea mate.

Basi wakishabakisha, wanapanda ghala la juu la kinu, penye magunia yaliyochorwa na tundu katikati ya sakafu. Zombi aliyekatika miguu alichelewa sana kwenye ngazi. Akipanda kidato kimoja kimoja, mume na mke wanaongea. Paa linavuja. Kidoti ameota jino. Mama anaumwa magoti. Siku ile nilikuota. Zombi akitokeza kichwa juu ya ngazi, wanaruka tunduni, wanatua chini, na yeye, maskini, anageuka kuanza kushuka. Mazungumzo yanaendelea. Ndoa nzima iliendeshwa hivyo, ngazi juu, ngazi chini, mtu wa tatu akiwafuata kwa kujiburuta.

Wa nne alikuwepo. Aliitwa Winchi, mwendesha winchi wa bandarini aliyekaa chumba cha pili kwa Cheche na kucheza nao kujaza timu. Bahati mbaya mikono iliyonyanyua makontena bila kumwaga hata chai ilikuwa haifai kitu kwenye bunduki. Kila raundi alianguka. Mchezaji akianguka hugaagaa chini damu ikimtoka, na mwenzake akimwahi humnyanyua, asipowahiwa, basi. "Nyanyueni mzigo wenu!" Winchi alipiga kelele, na Cheche alikuwa mwepesi kuliko wote, akipita katikati ya maiti akisema, "Nakuja, nakuja!" Wakati wa mazungumzo Winchi alikuwa na adabu. "Mimi nakaanga mayai, shemeji," alisema, akaondoka, na askari wake akabaki amesimama pembeni ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

Nyuma ya Mvuke, kwenye kochi lenye kitambaa kilichobanduka, alikaa mama mkwe na kapu la nguo za kukunja. Hakuwa na haja na gemu, lakini hakukosa hata Jumamosi moja, kwa sababu sauti ya mwanawe ilitokea kwenye spika ya televisheni.

"Walikufa vitani," alisema siku moja akikunja soksi. "Mkawafufua muwaue tena. Hata kufa siku hizi hakuna mapumziko."

"Ni gemu, Mama."

"Na yule anayejiburuta, mbona hammalizi?"

"Tukimmaliza wanakuja wengine. Huyu akiwepo tunapumzika."

Mama mkwe alilinganisha soksi, akakuta si pacha. "Kumbe. Mnamweka hai kwa faida yenu."

Kidoti ndiye aliyempenda yule mtambaaji. Alimwita Babu Tambaa. Kwake mambo yalikuwa wazi kama maji ya kisima: Babu Tambaa akiwepo, baba anaongea. Babu Tambaa akifa, king'ora kinalia na baba anaondoka. Mara nyingine alimwekea kipande cha mkate mbele ya televisheni.

Sasa Jumamosi tunayoisimulia, Mvuke aliketi mbele ya kioo akiwa na swali kifuani. Kiwanda cha udobi kilikuwa kinafungua tawi katika mji mwingine, na meneja alimwita akamwambia anamtaka akawe msimamizi wa chumba cha pasi huko. Nyumba ya kuishi ipo nyuma ya kiwanda. Jibu analitaka Jumatatu, maana kuna mwingine anayetaka nafasi hiyo kwa kucha na meno. Mara ya kwanza meneja alipogusia jambo hilo, Mvuke alikataa. "Mume wangu anarudi," alisema, "mkataba wake unakaribia kwisha. Akirudi atatukuta wapi?" Maneno hayo aliyasema kwa kujivuna, kama mtu anayeonyesha kanga mpya. Lakini mkataba ulikaribia kwisha, ukakaribia, ukakaribia, na Cheche, kila alipoulizwa siku yenyewe ya kurudi, alisema ofisi haijatoa karatasi. Alimwahidi kwamba Jumamosi hii atamtajia. Leo lazima awe na siku.

"Mke wangu," sauti ilitoka spikani. "Mko wazima?"

"Wazima. Siku umepata?"

"Tuanze kwanza, tutaongea."

Wakaanza. Raundi ya kwanza maiti ni wachache na wavivu. Mvuke aliwaangusha dirishani mmoja baada ya mwingine, akamwacha wa mwisho, akachomoa bomu la mkono. Kabla hajarusha, risasi ikalia. Kichwa cha zombi kikapasuka. King'ora.

"Cheche! Nilikuwa nabakisha!"

"Aa, samahani. Mkono umeteleza."

Mkono wa Cheche kuteleza! Mtu anayeshona bati na bati kwa moto bila kuacha tundu la sindano. Lakini Mvuke alijaza risasi tu. Mwanzo mwanzo, alijiambia, hajakaa sawa.

Raundi ya pili alihakikisha. Alimvuta wa mwisho mpaka mlango wa nyuma, mbali na Cheche, akamkata miguu, akampa kisogo, akaanza kupanda ghalani. "Njoo juu," alisema, "tayari." Akasikia mlio nyuma yake. King'ora.

"Yule alikuwa karibu na Winchi," Cheche alisema haraka. "Ningemwacha angemuuma."

"Mimi niko ghalani huku," Winchi alisema taratibu. "Hakuna wa kuniuma."

Mama mkwe aliacha kukunja. "Mwanangu," aliita kwa sauti ya kufika ng'ambo, maana hakuamini kwamba kile kipaza sauti kidogo kinatosha. "Una haraka ya kwenda wapi?"

"Shikamoo, Mama!"

"Marahaba. Nimekuuliza."

Lakini wafu walikuwa wanaingia tayari, na hakuna mtu anayemjibu mama yake huku anafukuzwa na maiti. Raundi ya tatu, ya nne. Bila mtambaaji hapakuwa na nafasi ya kupigilia mbao, madirisha yakabaki wazi, upepo wa ramani ile ukivuma humo pamoja na vifusi na moshi. Mvuke alipiga risasi huku jicho moja likimfuata mumewe. Kila mwisho wa raundi alimwona Cheche anavyokimbia. Hakuwa anakimbia maiti. Alikuwa anamkimbilia yule wa mwisho, amuwahi.

"Cheche," alisema, "unaogopa nini?"

"Nani anaogopa? Piga kushoto kwako!"

"Nimekuuliza siku."

"Mama Kidoti, sasa kweli, hapa mtu ataongea vipi?"

"Bakisha mmoja, tuongee."

"Raundi ijayo."

Raundi iliyofuata Mvuke alianguka mara moja, na Cheche akamwahi kama kawaida yake, nakuja, nakuja, akamnyanyua. Wa mwisho alibaki chini ya ngazi. Aliyemkata miguu safari hii, maajabu, alikuwa Winchi. Bomu lake la kwanza maishani kuangukia mahali pake. Cheche alipogeuza bunduki, askari wa Winchi akasogea akasimama katikati, mgongo kwa zombi, kifua kwa Cheche. Katika gemu ile risasi ya mwenzako haikuumizi, lakini pia haipiti.

"Toka," Cheche alisema.

"Sitoki."

"Winchi, usinichezee."

"Mayai leo sikaangi," Winchi alisema. Sauti yake, ambayo siku zote ilikuwa ya mzaha, ilikuwa imekauka. "Nimechoka kukaanga mayai, ndugu yangu. Ongea na mkeo. Mimi nilitia saini siku moja na wewe, nikampigia mke wangu jioni ileile. Alinitukana mpaka betri ikaisha, lakini anajua."

Jikoni kwa Mvuke maji yalidondoka. Kwenye kioo Babu Tambaa alimpita Winchi pembeni, akashika kidato cha kwanza.

"Saini gani?" Mvuke aliuliza.

Akapanda ghalani, kwa mazoea tu, kama mtu anayeingia chumbani kwake kupokea habari ya msiba. Askari wa Cheche akamfuata akasimama kwenye magunia, uso wa rangi ya kuchora, usioonyesha kitu.

"Mkataba uliisha," Cheche alisema hatimaye. "Uliisha siku nyingi."

"Siku nyingi."

"Nikatia saini mwingine. Mrefu. Nilitaka kukwambia, nikasema nisubiri mtoto apone ile homa. Halafu Mama naye magoti. Kila wiki kuna jambo."

"Kuna mwanamke?"

"Hakuna mwanamke! Waulize wote. Muulize Winchi."

"Hakuna, shemeji," Winchi alisema. "Heri angekuwepo, tungejua la kumshtaki."

"Basi kwa nini?"

Babu Tambaa alikuwa katikati ya ngazi. Cheche alivuta pumzi, na alipoanza kusema ilikuwa ile sauti ya benchi la uchumba, laini, ya mtu anayefungua moyo, na hilo ndilo lililomuumiza Mvuke kuliko yote.

"Huku naamka, nafanya kazi, nalala. Hakuna anayeniuliza paa. Jumamosi nakuja hapa, nawasikia, nafurahi, kweli tena nafurahi wiki nzima. Nikirudi nyumbani nitakuwa yule bubu, unanijua. Lakini hapa tunaongea vizuri, mke wangu. Wangapi wanalala kitanda kimoja na hawaongei hivi? Mimi naona inatosha. Wewe huoni inatosha?"

Mvuke aliangalia mikono yake juu ya kishikio. Alama za pasi zilipanda kutoka kwenye vifundo mpaka karibu na kiwiko, za zamani nyeusi, za juzi nyekundu. Alifikiria nafasi aliyoikataa. Alifikiria jinsi alivyolala upande mmoja wa kitanda miaka hii yote, ule wa ukutani, ili wa mlangoni uwe tayari kwa mtu. Hakuachwa, hakuwa na mume. Alikuwa amewekwa tu, anapumua, anajiburuta na nyumba yake ngazi kwa ngazi, ili mtu mwingine apate kupumzika.

Kichwa cha Babu Tambaa kikatokeza juu ya ngazi. Huu ndio wakati wa kuruka tunduni.

"Ruka, mke wangu," Cheche alisema, karibu kwa furaha, maana alidhani la kusemwa limesemwa na Jumamosi zitaendelea. "Ruka, tuzunguke, bado tuna nafasi."

Mvuke hakuruka. Alimgeukia mtambaaji. Kwa mara ya kwanza alimwangalia vizuri: kofia iliyopinda, kijana kumbe, mchoraji wa gemu alimpa sura ya kijana, mdomo wazi kama anayetaka kuuliza njia. Akainua bunduki.

"Mama, usimuue!" Kidoti aliruka kutoka kochini. "Usimuue, Baba ataondoka!"

"Baba ameshaondoka, mwanangu," Mvuke alisema, na akapiga.

King'ora kililia. Kutoka pande zote madirisha yasiyo na mbao yakawatema wafu, wakajaa chini, wakajaa ngazini. Mvuke alikishusha kishikio juu ya zulia, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Askari wake alisimama peke yake katikati ya ghala, mikono chini. Wakamfikia. Akaanguka.

"Mvuke! Mvuke, piga! Mbona hupigi?" Cheche alikuwa anafoka. "Umeanguka! Usiogope, nakuja! Vumilia, nakuja! Nakuja!"

Na kweli alikuja, huwezi kumnyima haki yake. Alipasua katikati ya maiti kama panga kwenye majani, akamaliza risasi zote, akapoteza nusu ya uhai wake ili afike pale alipoanguka mkewe. Hakuna mume aliyewahi kumkimbilia mkewe kwa moyo kama ule.

"Bibi! Umesikia?" Kidoti alikuwa anarukaruka. "Baba amesema anakuja!"

Akatoka mbio. Walisikia mlango wa mbele ukifunguliwa.

Mvuke aliinama akachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi, na sauti ikakatika katikati ya neno.

Mama mkwe alikuwa ameshikilia fulana moja tangu mazungumzo yalipoanza. Ilikuwa imekunjwa, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mama," Mvuke alisema, "Jumatatu namwambia meneja ndiyo."

"Nimesikia." Mama mkwe aliikunjua fulana tena. "Wewe unaweza kumwacha, ni mume. Mimi nitamwacha vipi? Nilimzaa." Akaangalia kioo cheusi. "Alipokuwa mtoto nilikuwa nikimtuma dukani anakaa huko mpaka jua linageuka, akirudi ananiambia, Mama, nilikuwa nakuja. Nikacheka. Nilidhani ni utoto."

"Sijasema tunakuacha. Tunakwenda wote."

"Mimi mama yake, nikae kwako?"

"Ulikuwa unakaa kwa nani siku zote?"

Mama mkwe aliguna, guno lililoanza kama kicheko na kuishia pabaya. Akajifuta macho kwa ile fulana, kisha akaitazama, akaona ni ya mwanawe, akaitupa kapuni bila kuikunja.

"Hiyo nyumba ya huko," alisema, "ina ngazi?"

"Haina."

"Basi."

Mvuke alitoka kwenda mlangoni. Kidoti alikuwa amesimama kizingitini anaangalia barabara, mkono mmoja umekinga jua. Mpanda baiskeli alipita. Akapita mwanamke na ndoo. Kila aliyetokea pembeni mwa ukuta, shingo ya mtoto ilinyooka, kisha ikarudi. Alikuwa amevaa viatu tayari, cha kushoto kulia, cha kulia kushoto, kamba zimekazwa kwa nguvu zake zote.

Mvuke alipiga magoti akaanza kuzifungua.

"Usinivue," Kidoti alisema bila kuondoa macho barabarani. "Nampokea Baba."

"Sikuvui. Naviweka sawa. Safari ni ndefu, vitakuumiza."

"Tunakwenda kumchukua?"

Fundo lilikuwa gumu. Mvuke aliinama akalishika kwa meno, akavuta.